HASIRA NA HOFU KATIKA UBONGO WA HAYAWANI

Ndugu zetu watokao Mombasa, Lamu na Malindi kwenda Nairobi kwa kazi au kwa kuzuru jamaa, wapitapo katika mitaa ya magharibi ya mji ule, khasa Lavington, huona kwenye malango mengi kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali". (Lugha ilitaka "mkali", lakini kibao kimekwisha zoeleka, nasi hatutaki kugombana na malango ya watu.) Mtaa huo zamani ulikuwa mashamba ya kahawa, leo ni majumba yenye kuta ndefu na maghorofa, na nyuma ya ukuta mara nyingi yupo mbwa. Apitaye kwa miguu husikia mngurumo kabla hajamwona mnyama, naye hudhani kwamba ndani mna adui amchukiaye. Katika somo letu la leo twataka kutazama ni nini hasa kinachopita katika ubongo wa mbwa yule, na je, ni chuki kweli?

Suali hili si geni kwa wanavyuoni wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitoa mfano wa kondoo na mbwamwitu. Jicho la kondoo laona umbo na rangi, lakini uadui hauna rangi wala umbo. Basi kondoo aujuaje hata akakimbia? Akasema kwamba hayawani ana nguvu ya ndani iitwayo wahm, ifahamuyo madhara na manufaa katika kitu kionekanacho, na kikao chake kimo ndani ya ubongo. Wataalamu wa leo hawakiweki kikao hicho pale alipokiweka yeye, lakini suali lake wamelirithi kama lilivyo.

Mwaka 1928 mtaalamu mmoja wa Marekani, Philip Bard, aliwaondolea paka tabaka ya juu ya ubongo. Ingedhaniwa kuwa watapoa. Kinyume chake, waliguswa kidogo tu wakaghadhibika: manyoya yakasimama, makucha yakatoka, moyo ukaenda mbio. Alipokata chini zaidi, akaitenga sehemu ya nyuma ya kipande kidogo kilichoko kwenye kitako cha ubongo, kiitwacho haipothalamasi, ghadhabu ile kamili haikuonekana tena. Naye Walter Hess, katika mji wa Zürich, alipitisha nyaya nyembamba mpaka mahali hapo na kupeleka umeme mdogo. Paka aliyekuwa ametulia akafoka na kumrukia mtu aliyekuwa karibu. Umeme ulipokatwa, akarudi kutulia. Kwa uchunguzi wake Hess alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949. Hatufichi kwamba wanyama hao walipata mateso, na mwenye moyo hasomi habari zao kwa furaha. Lakini ilimu imekwisha patikana, na kuitupa hakuwafai wao wala sisi.

Jambo lenye faida zaidi kwetu lilidhihirika mwaka 1962, walipoandika Wasman na Flynn wa Chuo Kikuu cha Yale. Waliona kwamba kushambulia si jambo moja. Wakiamsha upande wa nje wa haipothalamasi, paka alimwendea panya kimya kimya, bila kufoka, akamwuma. Wakiamsha upande wa ndani, alifoka, akasimamisha manyoya na kupiga kwa makucha. La kwanza ni kuwinda, na la pili ni ghadhabu, na kila moja lina njia yake ndani ya kichwa. Paka amnyemeleaye panya hamkasirikii panya, kama vile mvuvi asivyomkasirikia changu. Na yule afokaye na kutunisha mwili, mara nyingi hajataka kula mtu. Ataka mtu aondoke.

Na hofu je? Pande mbili za ubongo, ndani karibu na masikio, mna vipande viwili mfano wa lozi, viitwavyo amigdala. Mwaka 1937 Heinrich Klüver na Paul Bucy, katika Chicago, walieleza habari za nyani walioondolewa sehemu hizo za pembeni pamoja na lozi zake: nyani wakali wakawa wapole ajabu, wakavikaribia hata vitu walivyokuwa wakivikimbia, na nyoka mmojawapo. Lozi hizi hupokea khabari za jicho, sikio na pua, zikaonya kuwa hapa pana khatari. Onyo hushuka kwenye haipothalamasi, kisha kwenye nyama ya kijivu iliyozunguka mfereji wa ubongo wa kati, na hapo ndipo mwili huamrishwa. Khatari ikiwa mbali, mnyama huganda akitazama, ikikaribia, hukimbia, ikimfikia naye hana pa kukimbilia, hupigana.

Sasa na turudi Lavington. Mbwa aliyefungwa mnyororo amenyimwa njia ya kukimbia, basi imembakia moja tu. Tena mtoto wa mbwa asiyezoeshwa watu baina ya juma la tatu na la kumi na mbili tangu kuzaliwa, aghlabu hukua akiwaogopa, na mwenye nyumba huiona hofu ile akaiita ushujaa. Kwa hivyo ukali mwingi tuusikiao nyuma ya lango ni hofu iliyovaa nguo ya hasira. Akutanaye na mbwa huyo nje asikimbie, kwani kukimbia huamsha kufukuzwa, asimkazie macho, asimame ubavu, mikono chini, kisha arudi nyuma polepole.

Twayasema haya kwa kuwa watoto wetu wa pwani hawafundishwi hata moja katika hayo. Wajualo ni kuwa mbwa ni najisi, basi humkimbia au humpiga mawe. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi'i mbwa ni najisi, lakini kumfuga kwa ulinzi, mifugo na uwindaji kumeruhusiwa, na unajisi si ruhusa ya kumtesa. Kisa cha mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake chajulikana na kila mtoto wa chuoni. Mbwa apigwaye mawe kila siku hujifunza kuwa binadamu ni khatari, na lozi zile hazisahau upesi.

Lakini yuko mbwa ambaye maneno haya hayamhusu, naye ni mwenye kichaa. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa kando ya Nairobi. Virusi vyake huingia kwa mate kwenye jeraha, hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, hushika zile zile sehemu tulizozitaja, kisha hushuka kwenye tezi za mate vikingoja meno. Hapo mbwa huuma bila kutishwa. Wengine huwa kinyume, hunyamaza na kulegea taya, na hao huwahadaa watu zaidi.

Dalili zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno hata hakuhesabiki. Lakini kwa kawaida hupita mwezi mmoja hata mitatu kabla ya dalili, na katika muda huo chanjo huokoa. Hapa ndipo tuna malalamiko na baadhi ya ndugu zetu. Mtoto akiumwa, huoshwa kwa ajili ya tahara, hupewa kombe, huvishwa hirizi, na siku zikapita. Tahara ni ibada na ina mahali pake. Jeraha lina haki yake nyingine. Na lioshwe pale pale kwa maji mengi na sabuni, si chini ya dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku ile ile apate chanjo, hata jeraha likiwa mkwaruzo. Mbwa akijulikana, afungiwe na kutazamwa siku 10, lakini chanjo ya mtoto haingoji siku hizo. Na mwenye kuweka kibao langoni amchanje mbwa wake kila mwaka: wataalamu wasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mji, ugonjwa hukosa njia ya kupita.