Jini Jaladani: Vidokezo vya Kupima Riwaya ya Njozi kwa Mwanao

Mzazi wa Kawe, hapa Dar es Salaam, mwanao kaja na kitabu chenye jini jaladani, roho imekuruka. Usimpokonye. Kipime kwanza.

1. Tazama jini anafanya nini. Kuwepo kwake si kosa. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, jini yupo, na wapo manyani wawili wanaochapwa kila usiku. Ukisoma ukurasa huo tu, utakificha kitabu. Endelea, utakuta manyani hao ni ndugu wa Adili waliogeuzwa kwa ubaya wao, Adili anawachapa huku moyo unamuuma, na mwisho wanasamehewa. Mtoto wa darasa la sita anaimudu, tena inamfaa.

2. Mganga je? Hapa uwe mkali. Nchi hii imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa sababu wapo walioamini maneno ya waganga kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Riwaya ambamo kafara ya mtu inajibu, aliyeitoa anatajirika na hadithi inamshangilia, haimfai mtoto hata kama Kiswahili chake ni kitamu. Zulia linaloruka hakuna atakayelitafuta mtaani. Dawa ya utajiri mwanao anaiona imetangazwa kwenye nguzo za umeme, akienda shule na akirudi.

3. Wembamba wa kitabu usikudanganye. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni vitabu vyembamba, lakini ni falsafa nzito. Waachie kaka na dada walio chuoni.

4. Wala jina kubwa lisikutoshe. Alfu Lela U Lela inaanza na mfalme anayeoa kila siku na kumuua mke asubuhi. Yapo matoleo yaliyopunguzwa kwa ajili ya watoto. Lako lifungue palepale mezani kwa muuza vitabu, kabla hujatoa hela.

5. Mjue mwanao. Mtoto wa pwani amekua akisikia habari za chunusi anayevuta waogeleaji. Zimwi la milimani atalicheka. La baharini litamnyima usingizi, maana bahari yenyewe ipo hapo chini tu. Muulize, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Akijibu kwa hamu, mwache asome. Akinyamaza, au usiku akaomba taa isizimwe, kitabu kisubiri mwakani.

6. Kusadikika (1951), nayo ya Shaaban Robert, ingoje sekondari. Nchi inayoelea angani itamvutia hata wa darasa la nne, ila kesi ya Karama, anayeshtakiwa humo, ni ya sheria na utawala. Atachoka, na akichoka mapema anaweza kuchukia vitabu vyote.

Nanyi baba na mama mnaoziogopa njozi zote, nawaomba jambo moja: kisomeni kitabu chote, hadi ukurasa wa mwisho, ndipo mkikataze.