Kwenda Pepa kwa Barabara: Chagua Mwezi Kwanza

Watu wa Kalemie wakisikia unakwenda Pepa, juu kwenye milima ya Marungu, hawakuulizi una gari gani. Wanakuuliza unaondoka lini. Barabara ya Taifa namba 5, inayoelekea Pweto hadi Lubumbashi, huku kwetu ni ya udongo. Mvua za Novemba hadi Aprili zikishika, lori moja likizama kwenye mlima, yote ya nyuma yanalala hapohapo na abiria wake.

Mimi nasema mwisho wa Mei au Juni. Njia imekauka na majani hayajachomwa. Agosti barabara ni nzuri pia, lakini moshi wa nyika hufunika mlima wote, na hapo umefuata nini?

Njiani lala Moba, bandari ya Ziwa Tanganyika. Kirungu, juu ya bandari, Mapadre Weupe walianzisha misheni mwaka 1893, na Wabelgiji wakauita mji Baudouinville. Ukishatembea huko, nunua mafuta, tyubu na plagi, maana mbele usitegemee duka. Ondoka alfajiri, na sweta uivae, usiifunge kwenye mzigo: ziwa liko kama mita 770, na vilele vya Marungu vinapita 2,400. Juni usiku ni baridi kweli. Kwenye miteremko shuka kwa gia ndogo. Breki zikipata moto hazisikii mtu.

Juu, miti inapungua, yanabaki majani na ng'ombe, maana Wabelgiji walifanya nyanda hizi malisho makubwa. Tafuta kijito chenye ukanda mwembamba wa miti. Zima injini, kaa kivulini, nyamaza. Chozi wa Marungu, ndege mdogo anayemetameta, anaishi kwenye miti ya namna hiyo katika milima hii tu. Miti hiyo inakatwa, kwa hiyo kuni za chai usizitoe hapo.

Usiingie porini ovyo. Oktoba 2000, wakati wa vita, jeshi la Rais Laurent Kabila wa Kongo lilishambulia Pepa. Jeshi la Rwanda na waasi wa RCD wakalirudisha nyuma, na Desemba Pweto ikaanguka mikononi mwao. Palipokuwa na mahandaki huenda mabomu yamebaki ardhini, kwa hiyo msalimu kwanza mzee wa kijiji, umwulize pa kupita. Kwenye vizuizi toa karatasi zako kabla hujaombwa, na askari usiwapige picha.

Kama una siku mbili tu, usiende. Ngoja upate nne.