Kufundisha Jinsi Sabuni Inavyojipanga Majini

Mara nyingi watoto huambiwa darasani kwamba sabuni huyeyusha mafuta, nao huinakili sentensi hiyo daftarini. Si kweli. Mafuta hayayeyuki, hubebwa. Tofauti hiyo yastahili kipindi kizima.

Asidi ya mafuta ni molekuli yenye mkia mrefu wa kaboni uchukiao maji, na kichwa kidogo. Ikikutana na kostiki soda, kichwa hupata chaji hasi na kuyapenda maji. Hiyo ndiyo sabuni. Zikiwa nyingi za kutosha, molekuli hizo hujikusanya zenyewe, mikia ndani na vichwa nje, zikafanya viduara visivyoonekana kwa macho, viitwavyo miseli. Mkemia James William McBain alitoa rai ya mikusanyiko hiyo mwaka 1913. Mafuta hujificha humo katikati ya mikia.

Andaa glasi tatu, maji ya mvua yaliyopashwa moto kidogo, sabuni ya mche iliyoparuzwa, mafuta ya kupikia na ndimu. Sabuni ya unga haifai: nyingi hazikutengenezwa kwa asidi ya mafuta, na ndimu haitazifanya kitu. Katika glasi ya kwanza tia maji na mafuta. Katika ya pili, maji ya sabuni na mafuta. Tikisa zote mbili, watoto walinganishe. Katika ya tatu tia maji ya sabuni peke yake, kisha kamulia ndimu. Povu litakufa, na vipande vyeupe vitajitenga. Usitoe sababu kabla watoto hawajabishana. Ndimu imevirudishia vichwa haidrojeni, chaji imetoweka, na maji hayana tena la kushika.

Mwalimu naye ajue zaidi ya atakayoyafundisha. Amini (neno la kemia, si la imani) hufanya kinyume: hupokea haidrojeni na kupata chaji chanya. Amini yenye mkia mrefu ikichanganywa na asidi ya mafuta, vichwa huvutana na kusongamana. Badala ya viduara huweza kutokea tabaka bapa au vifuko vilivyofungika, kutegemea uwiano na joto. Joto likishuka mno, mikia hukakamaa na mchanganyiko huganda. Katika baadhi ya krimu za kupaka, asidi ya steariki huchanganywa na trietanolamini, amini isiyo na mkia mrefu, ili sabuni itokee humo humo na kuyashikanisha maji na mafuta.

Hatimaye watoto wachore walichokiwaza. Atakayechora mikia ikielekea majini usimsahihishe kwa kalamu nyekundu. Mrudishe kwenye glasi ya pili, umuulize mafuta yamekwenda wapi.