Nabii Yusuf na Barua ya Maombi: Kujieleza kwa Ukweli, Kungoja kwa Adabu



Ndugu zangu katika imani, somo la toleo hili limetokana na swali nililoulizwa kwa simu usiku mmoja wa mwezi wa Septemba. Aliyeuliza ni dada yangu mkubwa, mtafiti wa mbu waenezao malaria huko Kampala. Alimaliza shahada ya uzamivu miaka mitatu iliyopita, na mkataba wake wa kazi unaisha Machi. Alikuwa anakamilisha maombi ya ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ambao Umoja wa Ulaya huwapa watafiti waliokwisha kupata uzamivu. Akiupata, ataenda kufanya utafiti miaka miwili katika maabara moja nchini Ufaransa.

Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Kurasa kumi nzima najisifu. Hii si kibri?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba siku mbili nifungue vitabu. Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na jambo moja ambalo jibu hilo lilinigeukia mimi mwenyewe.

Ukubwa wa mashindano

Kwanza tuelewe kwa nini swali lake ni zito. Maombi hayo hupimwa kwa alama 100: ubora wa utafiti 50, manufaa yake 30, na mpango wa utekelezaji 20. Anayepata chini ya 70 hafikiriwi kabisa. Katika mzunguko wa 2024 waliomba watu zaidi ya 10,000, wakapata karibu 1,700. Yaani katika kila sita, takriban mmoja. Maombi hufungwa Septemba na majibu hutoka Februari, miezi mitano baadaye.

Katika umati kama huo, anayenyamazia uwezo wake haonekani. Lakini hapo hapo ndipo Shetani anapokuja na chumvi yake: ongeza kidogo tu, nani atajua?

Je, yafaa mtu kujisifu?

Asili ya jambo hili ni katazo. Katika Sura an-Najm, aya ya 32, Allah (s.w.t.) anatukataza kujitakasa wenyewe, kwani Yeye ndiye anayemjua mcha Mungu. Hiyo ndiyo dalili iliyokuwa ikimsumbua dada.

Lakini katika Sura Yusuf, aya ya 55, tunamkuta Nabii mtukufu akimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na akizitaja sifa zake mwenyewe. Maulamaa wameziweka aya hizi mbili pamoja bila kugongana. Imam an-Nawawi, katika kitabu chake al-Adhkar, anaeleza kuwa kujisifu ni kwa aina mbili. Ipo ya kulaumiwa, nayo ni ya kujifakhirisha na kutaka kuonekana juu ya wenzako. Na ipo inayopendeza, pale penye maslahi ya kidini, kama vile kuondoa madhara, kufundisha, au kufanya maneno ya mtu yakubalike kwa wasiomjua. Mfano mmojawapo anaoutaja ni huo huo wa Nabii Yusuf (a.s.).

Basi nikamwambia dada: wale watakaosoma andiko lako hawakujui. Nia yako ikiwa ni kazi na manufaa yake, eleza. Nia ikiwa ni kuwashinda wenzako maofisini, hapo jihofie.

Somo la kwanza: sifa zinazohitajika, nazo ziwe za kweli

Imam al-Qurtubi, katika tafsiri yake, ametanabahisha jambo zuri. Nabii Yusuf alikuwa na nasaba ya Manabii na uzuri wa sura usio na mfano, lakini hakutaja hata kimoja. Alitaja mambo mawili tu: kuhifadhi na kujua. Kazi ilikuwa ya ghala na miaka saba ya ukame, na hizo ndizo sifa zilizohitajika.

Hapa dada alikuwa na mtihani wake. Makala yake moja ilikuwa bado mikononi mwa wahakiki wa jarida. Mwenzake akamshauri aandike kuwa imekubaliwa, kwa hoja kwamba mpaka Februari itakuwa imekubaliwa kweli. Ni neno moja tu. Nikamwambia kuwa aliyejiita mhifadhi alikuwa mhifadhi siku ile ile aliposema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, naandika imewasilishwa."

Nilipokata simu sikulala. Mwaka wangu wa kwanza niliomba msaada wa ada kwa taasisi moja, na fomu ikauliza nimehifadhi juzuu ngapi. Nikaandika kumi. Zilizokuwa kifuani kwangu ni saba. Tatu nyingine nilizipita tu, zikaniponyoka. Nilijiambia nitazikamilisha kabla ya usaili. Usaili haukufanyika, na msaada nikapata.

Najua kwamba dhambi aliyoisitiri Allah haitangazwi ovyo. Ndiyo maana nimemwomba mhariri asiweke jina langu. Lakini fedha ile ni haki ya watu, na toba ya haki ya watu haitimii kwa istighfari peke yake. Mwezi wa Desemba niliwaandikia taasisi nikawaeleza ukweli, na kwamba niko tayari kwa uamuzi wao. Mpaka leo hawajajibu. Mama yetu, aliye nyumbani Buyenzi, Bujumbura, hupiga simu kila Ijumaa kuuliza habari za watoto wake wawili wanaongoja barua.

Somo la pili: waache wengine washuhudie kwanza

Tazameni mpangilio wa kisa. Mfalme alipomwita Yusuf mara ya kwanza, hakukimbilia mlango wa gereza. Alitaka kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Wanawake wakashuhudia kuwa hawakujua ubaya wowote kwake, na mke wa al-Aziz akakiri. Baada ya hapo ndipo Yusuf alipozungumza juu ya nafsi yake. Na hata kabla ya hapo, mpango wa kuhifadhi nafaka katika masuke yake alikwishautoa akiwa mfungwa, bila kudai malipo.

Wewe mwanafunzi unayetafuta barua ya mwalimu siku mbili kabla ya maombi kufungwa, zingatia hilo. Ushahidi wa watu hujengwa kwa miaka ya kufika darasani, kurudisha kitabu cha watu na kumaliza kazi uliyopewa.

Somo la tatu: funga ngamia, kisha ngoja

Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu, kama ilivyopokewa na at-Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.). Dada alifunga kamba zake: alituma maombi siku moja kabla ya mwisho, kisha akaswali rakaa mbili za istikhara.

Wengi wetu hudhani istikhara ni kungojea ndoto. Hadithi ya Jabir (r.a.) katika Sahih al-Bukhari haitaji ndoto. Dua yake ina pande mbili: kama jambo lina kheri, liwe jepesi, na kama lina shari, liondolewe kwangu, nami niondolewe kwalo. Anayeiomba kwa moyo amekwisha kuyakubali majibu yote mawili kabla hayajaja.

Na kungoja si alama ya kusahauliwa na Allah. Yusuf alimwomba mfungwa mwenzake amtaje kwa bwana wake, naye akasahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka kadhaa zaidi. Aliyesahau ni yule mfungwa.

Jana nilimuuliza dada atafanya nini akikosa. Akacheka. "Mbu wa Kampala hawajui majibu ya Februari, mdogo wangu. Kesho asubuhi naenda kuwahesabu."

Maswali ya darsa

1. Ni sifa zipi zilizo katika wasifu wako ambazo kazi unayoomba haizihitaji?
2. Je, lipo neno moja katika fomu uliyowahi kujaza ambalo leo ungelibadilisha? Ni nani anayestahili kuambiwa?
3. Ukipata jibu la kukataliwa, ni kazi gani utaendelea nayo kesho yake?

Tuombeane dua, ndugu zangu. Wabillahi tawfiq.