Kumpata Daktari Atakayedumu Silanga

Kabla ya kutangaza kazi, itazame foleni yako ya asubuhi. Katika zahanati tunayoisimamia hapa Silanga, Kibera, wengi huja na kikohozi, kuhara, mimba, presha au sukari. Kazi hiyo tabibu aliyehitimu chuo cha KMTC na muuguzi mzoefu wanaiweza vizuri. Daktari tunamwajiri kwa zamu, awaone wagonjwa waliowatatiza wenzake na kupitia faili pamoja nao. Mshahara wa daktari wa kudumu ungemaliza pesa za dawa.

Husemwa kwamba madaktari hawapatikani. Wapo! Kenya ina vijana waliosoma udaktari miaka sita, wakamaliza mwaka wa uanagenzi hospitalini, na bado wanatafuta ajira. Mgomo wa madaktari wa 2024 uliodumu siku 56 ulihusu kwa kiasi kikubwa wanagenzi waliocheleweshewa nafasi na kupunguziwa malipo.

Ukimpata daktari, tafuta jina lake kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari, mtandaoni. Tabibu ana baraza lake. Leseni hufanywa upya kila mwaka, kwa hivyo ya mwaka jana haitoshi, hata kama aliyempendekeza ni ndugu yako.

Kisha mtembeze. Hapa ndipo ninapoamua. Mhudumu wa afya ya jamii humpitisha mwombaji vichochoroni hadi upande wa Bwawa la Nairobi, siku ya kazi, matope yakiwepo. Wakirudi, namuuliza mhudumu: aliwasalimu akina mama? Aliuliza nini? Anayetaka kujua maji yanatoka wapi, na mgonjwa wa usiku anafikishwaje hospitali ya Mbagathi, huyo namtaka kuliko mwenye vyeti vingi. Nami humweleza wazi kuhusu usalama: nani atamsindikiza jioni, na njia ipi aiepuke. Ukimficha mambo hayo, atayajua wiki ya kwanza na kuondoka.

Malipo yafike tarehe mliyokubaliana. Daktari wa zamu ana kodi ya nyumba kama wewe.

Na wafadhili huondoka. Madaktari Wasio na Mipaka walihudumu Kibera kwa takriban miaka 20, kisha mwaka wa 2017 wakakikabidhi Kituo cha Afya cha Kibera South kwa Kaunti ya Nairobi. Wewe unayeajiri kwa pesa za mradi, mwambie daktari zitaisha lini. Kama ni za miezi sita, andika miezi sita kwenye mkataba.