Tairi la Theluji Katika Nchi ya Jua: Tuchague Lipi?

Safari hii nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za tairi la gari. Huenda wengine wakacheka wakisema kwamba tairi si somo. Lakini sisi tutokao Ras Kamboni twajua kwamba thamani ya gari iko katika kile kinachogusa chini. Kutoka kwetu, karibu na mpaka wa Kenya, mpaka Kismayo ni zaidi ya kilomita 150 za mchanga, mawe, vichaka na udongo mweusi. Watu wengi huenda kwa mashua, wakipita karibu na visiwa vya Chula, Chovai na Koyama. Lakini kusi ikivuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti bahari huchafuka, na hapo mgonjwa, samaki na magunia ya unga hutegemea gari. Gari likiharibika katika njia hiyo hakuna karakana ya kukimbilia, na njia yenyewe ina hatari zake kwa ajili ya vita.

Siku hizi masoko ya pwani yamejaa matairi ya mtumba kutoka nchi za baridi. Tena yako magari yatokayo Japani ambayo hushuka bandarini yakiwa yamevaa matairi ya theluji. Meno yake ni marefu, na mtu akiyaona hudhani amepata mali. Je, matairi hayo yatufaa? Jibu langu ni hapana, na sababu zake ni hizi zifuatazo.

MPIRA NA JOTO

Zamani mpira wa asili ulikuwa kitu cha shida. Wakati wa joto ulilainika na kunata, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu hata ukapasuka. Katika mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa imara. Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Scotland alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa tairi la upepo, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akalitengeneza upya kwa ajili ya baiskeli. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hata hivyo shida ile ya kwanza haikwisha kabisa. Kila mchanganyiko wa mpira una joto lake linaloufaa. Ukipita juu ya joto hilo hulegea, na ukishuka chini yake hukakamaa. Mtu akikumbuka jambo hili moja, mengine yote yatakuwa mepesi kwake.

AINA TATU ZA MATAIRI

Kwanza ni tairi la kiangazi. Mpira wake ni mgumu kidogo, nao hustahimili lami ya moto. Lakini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 za Sentigredi au karibu na hapo, mpira huo huanza kukakamaa na kuteleza.

Pili ni tairi la theluji. Kiwanda cha Nokia, nchini Ufini, kilitoa tairi la namna hii kwa ajili ya malori mwaka 1934, kisha la magari madogo mwaka 1936. Mpira wake ni laini, ili usikakamae katika baridi kali. Mifereji yake ni mipana na yenye kina, maana theluji hushikamana na theluji. Ile iliyoingia katika mifereji hushika ile iliyo chini. Tena kila jino lina mikato myembamba, kana kwamba limechanjwa kwa wembe, na mikato hiyo hufunguka na kuuma barafu.

Tatu ni tairi la misimu yote. Kampuni ya Goodyear ilianza kuuza tairi la namna hii huko Marekani mwaka 1977. Hili limesimama katikati. Nahodha wa jahazi huwa na tanga kubwa kwa upepo mwembamba, na tanga dogo kwa upepo mkali. Mwenye tanga moja la kadiri hufika pia, lakini hapati mwendo wa tanga kubwa wala usalama wa tanga dogo. Ndivyo lilivyo tairi la misimu yote.

KWA NDUGU ZETU WALIOKO NCHI ZA BARIDI

Wanafunzi wengi wa zamani sasa wako Ulaya na Marekani, na swali la kuchagua ni lao kabla halijawa letu. Naona yafaa mtu ajiulize mambo mawili. La kwanza, je, theluji hukaa muda gani mahali ninapoishi? La pili, je, siku ya theluji naweza kuacha gari nyumbani?

Aliye Uswidi au Ufini hana budi kuwa na matairi ya theluji. Nchini Uswidi sheria huyataka tangu tarehe 1 Desemba mpaka 31 Machi, kila barabara inapokuwa na theluji au barafu. Ujerumani haikuweka tarehe, bali huangalia hali ya barabara. Na tangu Oktoba 2024 hukubali tu tairi lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Matairi mengine ya misimu yote yanayo alama hiyo, nayo hukubaliwa. Uingereza haina sheria ya namna hii. Akaaye London, ambako theluji huanguka siku chache tu, atatosheka na matairi ya misimu yote, hasa ikiwa aweza kupanda basi siku hizo.

Jambo moja lisisahauliwe: matairi ya theluji hufungwa yote manne. Ukifunga mawili ya mbele tu, mbele kutashika na nyuma kutateleza, na gari litazunguka kama pia.

TAIRI LA THELUJI LIKIJA PWANI

Sasa turudi kwetu. Mchana joto la hewa hupita nyuzi 30, na lami iliyochomwa na jua hupita nyuzi 50. Mpira ulioundwa kwa baridi ukiwekwa juu ya joto la namna hiyo hulegea. Meno yake marefu hujipinda kila gurudumu linapozunguka, na kujipinda huko huzidisha joto. Gari huyumba katika kona, breki huchukua mita nyingi zaidi, na meno yenyewe huisha upesi. Mkumbuke pia somo letu la fizikia: mwendo ukiwa mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Dereva aliye na tairi lisiloshika hana mita za kupoteza.

Jirani yetu mmoja ana gari la abiria. Alinunua matairi mawili ya mtumba yenye alama ya mlima, akayafunga nyuma, akafurahi kwa urefu wa meno yake. Haikupita miezi minne, yakawa yamelika nusu. Siku moja ya Februari, adhuhuri, tairi moja likapasuka njiani, na ndani ya gari alikuwamo mama mmoja mwenye homa kali anayepelekwa hospitali ya Kismayo. Spea ilikuwa nzee, ikapasuka nayo mbele kidogo. Mama yule alilazwa chini ya kivuli cha kichaka mpaka alasiri, lilipotokea lori. Alipona, Mungu ashukuriwe. Muuzaji wa matairi hakusema uongo, kwa maana hakuna aliyemwuliza neno.

MCHANGA SI THELUJI

Wako wasemao kwamba mchanga ni kama theluji, basi tairi moja lafaa pote. Hapo ndipo wanapokosea. Theluji hushikamana, mchanga mkavu haushikamani bali hutiririka. Jino refu likizunguka mchangani huchimba shimo, na gari huketi juu ya tumbo lake.

Dawa ya mchanga ni upana wa tairi chini, wala si meno. Gari lenye upepo wa paundi 32 likipunguzwa mpaka paundi 18 hivi, tairi hubonyea, likagusa mchanga kwa eneo kubwa zaidi. Uzito ni ule ule, lakini umetandazwa. Ngamia hupita mchangani kwa sababu hiyo hiyo, maana wayo wake ni mpana na laini. Lakini dereva aende polepole, asikate kona kwa ghafula, na akifika penye njia ngumu ajaze upepo tena. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye njia ngumu hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo pampu ni chombo cha lazima kama jeki.

Matope nayo yana sheria yake. Mvua ikinyesha, kati ya Aprili na Juni au katika Oktoba na Novemba, udongo mweusi wa upande wa Badhadhe hugeuka kuwa gundi. Ile mikato myembamba ya tairi la theluji huzibwa mara moja. Matope yataka mifereji mipana, yenye nafasi ya kujitapika kila gurudumu linapozunguka.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la makala hii. Ulaya msimu hubadili joto. Kwetu msimu hubadili ardhi. Kusi na kaskazi zote ni za joto, lakini njia iliyokuwa mchanga mwezi wa Februari huwa tope mwezi wa Mei. Kwa hiyo maneno "misimu yote" yasitudanganye, kwa kuwa tairi hilo liliundwa kwa misimu ya wengine. Gari linalozunguka mjini, Mombasa au Kismayo, latosha kwa tairi la kiangazi lililo zima. Gari liendalo Ras Kamboni kila juma lataka tairi la njia zote, yaani lile lenye ubavu mnene, mifereji mipana ya kadiri, na mpira usioogopa joto.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Tairi hujieleza lenyewe kwa anayejua kusoma. Maandishi 205/65 R15 maana yake ni upana wa milimita 205, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Herufi M+S ni za matope na theluji. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji ni ya baridi kali. Matairi ya theluji ya Japani mara nyingi huandikwa STUDLESS au SNOW.

Baada ya herufi DOT tafuta tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani. Hukauka na kufanya nyufa. Viwanda vikubwa husema kwamba tairi lisipite miaka 10, hata kama meno yake bado ni marefu. Kwa hiyo tusome tarehe kwanza, ndipo tutazame meno.

HESABU KIDOGO

Tuchukue mfano tu. Tairi la theluji la mtumba lauzwa dola 25, nalo ladumu miezi 5. Tairi jipya la njia zote lauzwa dola 84, nalo ladumu miezi 28. La kwanza limegharimu dola 5 kila mwezi, na la pili dola 3. Basi lililoonekana ghali ndilo rahisi, na bado hatujahesabu muda wa yule mama chini ya kichaka.

Ndugu zangu, wengi wetu hatuna magari bado, lakini baba zetu, wajomba zetu na jirani zetu wanayo, nao hawakufundishwa kusoma alama hizi. Likizo ijayo kila mmoja wetu na asome ubavu wa matairi manne ya gari moja, na spea yake, kisha amweleze mwenyewe kwa adabu alichokiona.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tairi lina tarakimu 4116 baada ya herufi DOT. Lilitengenezwa lini, na je, ungelinunua leo?

2. Kwa nini kupunguza upepo hulisaidia gari mchangani, lakini hulihatarisha kwenye lami?

3. Ndugu yako aliye Ujerumani na mjomba wako aliye Ras Kamboni wote wataka matairi. Eleza kwa nini jibu lako kwao haliwezi kuwa moja.