Mgongo na Maji: Kujifunza Kuogelea Ukubwani
Kijitabu kwa wakazi wa Lukenya na vitongoji vyake

Kijitabu hiki ni cha mtu mzima ambaye mgongo umemsumbua kwa miezi, ameshauriwa ajaribu kuogelea, naye hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Watu wa namna hiyo ni wengi upande wetu. Lukenya ni nchi ya mbuga na mawe. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 ukiifuata Barabara ya Mombasa, mito mingi ya Ukambani hukauka mvua zikikatika, na maji mengi tuliyoyaona utotoni yalikuwa ya silanga, ambako wazazi walitukataza kuoga kwa kuwa waliwahi kusikia kilio cha mtoto aliyezama. Kutojua kuogelea hapa si aibu ya mtu yeyote. Hatukufunzwa.

Kazi zetu nazo haziuhurumii mgongo. Mchonga mawe huinama machimboni tangu jua linapochomoza. Fundi wa kiwanda cha nguo pale EPZ Athi River hukaa kwenye cherehani saa baada ya saa, shingo mbele, kiuno kimepinda. Dereva wa lori hutikiswa mchana na usiku. Mama anayebeba mtungi wa lita 20 mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, amebeba kilo 20 kabla ya kuhesabu mtungi wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno. Kwa watu 9 kati ya 10, hakuna ugonjwa au jeraha moja linaloweza kuonyeshwa kuwa ndilo chanzo. Misuli, mishipa, usingizi mbaya, wasiwasi na kazi vimeshikana. Mwezi Desemba 2023 shirika hilo lilitoa miongozo ya maumivu sugu ya kiuno. Mazoezi na elimu vimependekezwa; mishipi ya kiuno na matibabu ya kuvutwa uti havikupendekezwa. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu mishipi hiyo huuzwa kila mahali, na mtu hutoa pesa za karo ya mtoto kununua kitu ambacho hakitamponya.

Kabla hujagusa maji

Kuna maumivu ya mgongo yasiyongoja bwawa. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukikataa kutoka, sehemu za siri na mapajani kwa ndani kukifa ganzi, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Ukiwa na homa, jasho la usiku na unakonda bila sababu, uchunguzwe kifua kikuu, maana ugonjwa huo hushika pia pingili za uti wa mgongo. Mfugaji, au yeyote anayekunywa maziwa mabichi, amwambie daktari, kwa kuwa bruselosisi huja na homa za kupanda na kushuka pamoja na kuumwa mgongo na viungo. Bibi mwenye umri mkubwa aliyeanguka, hata anguko dogo, anaweza kuwa amevunjika pingili. Aliyewahi kutibiwa saratani naye asinyamazie maumivu mapya.

Wenye kifafa, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulia au kisukari kinachotibiwa kwa insulini wapate kwanza neno la daktari, kisha wamwambie na mwalimu wa kuogelea. Kulificha jambo hilo majini ni hatari kuliko kulitaja.

Maji huufanyia nini mgongo

Chukua mtu wa kilo 80. Akisimama kwenye maji yanayofika kiunoni, miguu yake hubeba karibu nusu ya uzito wake. Yakifika kifuani, hubeba kama theluthi. Yakifika shingoni, hubeba kilo 8 hivi tu. Lakini hapa watu wengi hukosea: maji ya kiunoni huipumzisha miguu, siyo kiuno. Kifua, mabega, mikono na kichwa bado viko hewani, na kiuno bado kimevibeba vyote. Ukitaka mgongo upumue, nenda mpaka maji yafike kifuani, na ukiwa na mtu wa kukusimamia, chini kidogo ya mabega.

Hapo unaweza kuanza siku ya kwanza kabisa, bila kujua kuogelea. Tembea. Nenda mbele, rudi kinyumenyume, nenda upandeupande kama kaa. Maji yanakuzuia kila upande, kwa hiyo misuli ya tumbo na mgongo inafanya kazi, lakini hakuna kishindo cha mguu kupiga ardhi. Dakika 10 zinatosha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Shanghai, nchini China, uliwafuatilia watu 113 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu yao walifanya mazoezi majini, dakika 60 kila kipindi, mara 2 kwa wiki, kwa miezi 3. Wengine walitibiwa kwa vifaa vya umeme na joto. Waliofanya mazoezi majini walipata nafuu zaidi, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya mwaka. Hayo yalikuwa mazoezi yaliyopangwa na wataalamu, si kuogelea kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana tunakuhimiza usikimbilie kuogelea. Nafuu huanza ukiwa umesimama.

Hofu hukaa mgongoni

Mimi ninayekuandikia haya nilijifunza nikiwa na miaka 53. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kijana mwenye haraka. Aliniambia niruke upande wa kina kirefu, ati mwili utajifunza wenyewe. Nilitolewa nikikohoa, kiuno kimekaza kama ubao, na kwa wiki mbili sikuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Mtu anayeogopa hukunja mabega, hukaza shingo na kuupinda mgongo kwa nyuma akitafuta hewa. Ukiogelea hivyo kwa nusu saa, unautesa mgongo uleule uliokuja kuutibu.

Mwalimu wa pili alianza na pumzi. Somo zima la kwanza nilishika ukingo wa bwawa, nikatia kidevu, kisha mdomo, kisha pua. Nikapuliza polepole mpaka mapovu yakanitekenya mashavu. Nikainua uso, nikavuta pumzi, nikarudi. Mara ya ishirini hivi niligundua kwamba vidole vyangu, vilivyokuwa vyeupe kwa kushika ukingo, vimelegea vyenyewe. Somo la tatu akaweka kiganja chini ya kisogo changu na kingine chini ya kiuno, akasema, “Tulia, mama, nimekushika. Tazama juu.” Masikio yakaingia majini, kelele za watoto zikazimika, nikasikia pumzi yangu peke yake. Kiganja cha kiunoni kiliondoka kabla sijajua. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, hakuna kilichokuwa kinaukandamiza mgongo wangu.

Kwa hiyo tafuta mwalimu wa namna hiyo. Asione vibaya kumfunza mtu wa rika la mama yake au baba yake, nawe usione vibaya kumwita kijana mwalimu. Mweleze mapema mgongo unauma wapi na mwendo gani unauchokoza. Akikwambia uruke siku ya kwanza, mshukuru na uondoke.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: kutembea, kupuliza, kuelea chali, kujigeuza kutoka chali na kusimama, halafu ndipo kupiga miguu. Usiruke hatua ya kusimama. Mtu anayejua kuinuka kutoka kuelea hana tena sababu ya kuogopa, na hiyo peke yake hupunguza mkazo wa misuli.

Mtindo upi

Kwa mgongo unaouma, anza na kuogelea chali. Uso uko juu, pumzi haikukimbizi, na uti umelala. Mtindo huru, ule wa kifudifudi mikono ikipokezana, unafaa pia, mradi macho yatazame sakafu ya bwawa na mwili mzima ubiringike kidogo unapovuta hewa. Ukiinua kichwa kutazama mbele, nyonga huzama na kiuno hupinda. Mtindo wa chura watu wazima huupenda kwa sababu kichwa kinabaki nje, na hapo ndipo unapoumiza kiuno na shingo, hata magoti. Uache mpaka mwalimu akufunze kutia uso majini. Mtindo wa kipepeo usiuguse. Ubao wa kuelea ulioshikwa mbele mikono ikiwa imenyooshwa huupinda mgongo vilevile. Ukumbatie kifuani ukiwa chali.

Wapi, na lini

Usijifunzie mtoni, silangani wala kwenye mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua. Machimbo yana kingo za wima na kina cha ghafla, na maji yake hayaonyeshi kilicho chini. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Tumia bwawa lililojengwa. Ziko hoteli na shule karibu na Barabara ya Mombasa zenye mabwawa. Uliza kama wanapokea watu wa nje, na siku zipi hakuna watoto wengi. Ukifika, tazama mambo haya kabla ya kulipa: je, unaiona sakafu ya bwawa vizuri? Je, kina kimeandikwa ukingoni? Je, yuko mwokoaji anayetazama maji na si simu? Je, kuna ngazi yenye mahali pa kushika? Mgongo unaouma hauwezi kujivuta juu ya ukingo kwa mikono.

Mabwawa mengi ya huku hayapashwi moto. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa mbuga ni mkali, na maji baridi huikaza misuli. Miezi hiyo nenda kati ya saa 7 na saa 9 mchana, na ukiona unatetemeka, toka. Beba taulo mbili na sweta.

Kuhusu mavazi, kina mama wengi hurudia mlangoni kwa sababu hii. Si lazima kuvaa kinachoonyesha mapaja. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafunza wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote pamoja na kichwa. Suruali ya kubana na shati la mikono mirefu la kitambaa cha kuogelea vinatosha. Epuka pamba tu: hunyonya maji, huwa nzito, na huvuta kiuno.

Nenda mara 2 kwa wiki, nusu saa kwanza. Ukitoka, uzito wako wote hurudi kwa ghafla, hivyo panda ngazi polepole na ukae kidogo kabla ya kutembea. Uchovu wa misuli siku inayofuata ni kawaida. Maumivu ya mgongo yakiongezeka na kupita saa 24, punguza muda kwa nusu kipindi kijacho. Yakishuka mguuni hadi chini ya goti, acha, na urudi kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ukimweleza ni mwendo gani ulikuwa ukiufanya yalipoanza.